Habari za Neno "Get" la Kiingereza, na Jinsi Linavyofasiriwa kwa Kiserbia

Maneno makubwa ya lugha ya kigeni hayana hatari nyingi kwa mfasiri. Akutanapo na neno gumu hulitafuta katika kamusi, hulipima, na mwisho huliweka mahali pake. Hatari imo katika maneno madogo, ambayo kila mtoto wa shule ayajua, na ambayo hakuna aonaye haja ya kuyatafuta. Mojawapo ni neno la tendo la Kiingereza "get". Mwanafunzi wetu hufundishwa mapema ya kuwa maana yake ni "pata", naye huishika maana hiyo kama mtu ashikaye fimbo moja kwa safari zake zote. Baadaye hulikuta neno lilo hilo likitumika kwa mtu aamkaye, kwa mtu ashukaye juu ya farasi, kwa giza liingialo, kwa arusi, hata kwa mauti. Na fimbo yake humvunjikia mkononi.

Katika kurasa hizi nataka kulieleza neno hilo kwa njia ya mzunguko kidogo, yaani kwa kulitazama kutoka katika lugha ya tatu. Mtu asimamaye kati ya lugha mbili tu huona upesi mno ya kuwa moja ni tajiri na ya pili ni maskini. Akiiweka ya tatu kando yao, huanza kuona ya kuwa kila moja imeigawanya kazi kwa namna yake. Lugha niliyoichagua ni Kiserbia, lugha ya watu wa nchi za Balkani, katika jamii ya lugha za Kislavoni. Haina undugu wowote na Kiswahili, na undugu wake na Kiingereza ni wa mbali sana. Huandikwa kwa herufi za Kisirili na kwa herufi za Kilatini pia. Hapa nitatumia zile za Kilatini.

I. Asili ya neno

Waingereza wa kale walikuwa na mzizi wa neno hili, lakini kwa kawaida ulikaa ndani ya maneno mengine, ukiwa umetanguliwa na silabi nyingine. Walisema "begietan", maana yake kupata au kuzaa, "forgietan", kusahau, na "ongietan", kufahamu. Neno lisimamalo peke yake lilitoka kwa wageni. Tangu mwisho wa karne ya 8 watu wa Skandinavia walivuka bahari kuja kuipiga Uingereza. Mwaka 793 waliiteka nyara nyumba ya watawa ya Lindisfarne, na katika karne iliyofuata wengi wao walikaa kabisa mashariki na kaskazini ya nchi, wakalima na kuoa huko. Mwaka 1016 Cnut, Mdenmark, akawa mfalme wa Uingereza yote. Watu hawa walisema "geta", na neno lao likaingia katika vinywa vya jirani zao, hata katika karne ya 13 twalikuta katika vitabu vya Kiingereza. Pamoja nalo waliacha "take", yaani kutwaa, na hata "they", yaani wao. Yafaa kuangalia ya kuwa hayo si maneno ya enzi wala ya elimu. Ni maneno ya jikoni, ya shamba na ya soko, ambayo watu hupeana wakaapo pamoja kila siku.

Mwaka 1066 Wanormani waliishinda nchi, na Kifaransa kikawa lugha ya mahakama na ya wakuu. Kwa njia hiyo Kiingereza kilipewa maneno mengine ya kazi ile ile: "receive", kupokea; "obtain", kupata kwa juhudi; "arrive", kufika. Basi tangu hapo Kiingereza kina nguo mbili kwa mwili mmoja. "Obtain" ina sauti ya ofisi, na "get" ina sauti ya nyumbani. Ndiyo sababu walimu wengi wa Kiingereza waliwakataza wanafunzi wao kulitumia mno katika insha, wakilihesabu kuwa neno la mvivu. Walakini halikukatazika, maana neno litumikalo na mama kwa mtoto halingoji ruhusa ya mwalimu.

Maana ya mzizi wenyewe ni kushika au kukamata. Wanazuoni wameonyesha ya kuwa una undugu na neno la Kilatini "prehendere", lenye maana iyo hiyo. Kutoka kwenye mkono ushikao, neno lilikwenda hatua kwa hatua. Mtu ashikaye kitu amekipata. Mtu aliyepata mahali amefika hapo. Tena, kama mtu aweza kufika mahali, aweza pia kufika katika hali: katika uzee, katika ugonjwa, katika hasira, na kwa njia hiyo, tangu mwisho wa karne ya 16, neno lilianza kutumika kwa maana ya "kuwa" au "kugeuka kuwa". Katika karne ya 17 lilianza kubeba hata mambo yanayompata mtu kutoka nje, kama kupigwa na kuuawa. Waamerika wamehifadhi umbo la zamani, "gotten", na kwao "have got" ni kuwa na kitu, bali "have gotten" ni kukipata. Msomaji ataona ya kuwa neno halikutawanyika ovyo. Lilitembea, na nyayo zake zaweza kufuatwa.

II. Lugha ya wachungaji

Sasa twende Serbia, na kabla ya kuyasikia majibu yake, yatupasa tujue yalivyopata kuandikwa. Mwanzo wa karne ya 19 Waserbia wengi walikuwa chini ya Waturuki. Wasomi wao waliandika lugha ya mchanganyiko, nusu ya Kislavoni cha kanisa na nusu ya usemi wa watu, ambayo mkulima hakuifahamu vema. Maneno ya wachungaji na ya wanawake wa vijijini hayakudhaniwa kuwa yafaa kitabu.

Vuk Stefanović Karadžić alizaliwa mwaka 1787 katika kijiji cha Tršić, akalelewa kati ya watu wa mifugo. Waserbia walipoinuka kuwapinga Waturuki mwaka 1804, yeye aliwatumikia kwa kuandika, kwa kuwa wachache walijua kalamu. Maasi hayo yalipovunjwa mwaka 1813 alikimbilia Vienna, na huko alikutana na Jernej Kopitar, Mslovenia, msomi aliyekuwa mkaguzi wa vitabu wa serikali ya Austria. Kopitar alimsihi ayaandike maneno kama watu wayasemavyo. Mwaka 1814 Vuk alitoa kitabu kidogo cha sarufi na kitabu cha nyimbo za watu. Na mwaka 1818 alitoa kamusi yenye maneno zaidi ya 26,000, kila neno likielezwa kwa Kijerumani na Kilatini. Alipoitoa mara ya pili, mwaka 1852, maneno yalikuwa yamezidi 47,000. Ndani yake msomaji hukuta pia desturi za arusi, za kilimo na za sikukuu, maana Vuk aliona ya kuwa neno halielezeki likitengwa na kazi yake.

Jambo hili lilimletea adui wengi. Walisema ameishusha lugha. Tena herufi "j", aliyoitwaa katika herufi za Kilatini, ilidhaniwa kuwa mlango wa kuingiza dini ya Roma. Mwaka 1832 namna yake ya kuandika ilikatazwa katika Serbia. Mwaka 1847 ilipigwa chapa huko Vienna tafsiri yake ya Agano Jipya, katika usemi wa watu, na wakuu wengi wa kanisa hawakuikubali. Alikufa mwaka 1864. Miaka minne baadaye, mwaka 1868, mwandiko wake ulikubaliwa na serikali, na mwaka uo huo Agano la Kale, lililofasiriwa na mfuasi wake Đuro Daničić, lilitoka.

Wasomaji wetu watapenda kujua ya kuwa katika mwaka ule ule wa 1847 sura tatu za kwanza za Kitabu cha Mwanzo, zilizofasiriwa kwa Kiswahili na Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, zilipigwa chapa huko Marekani. Watu hawa wawili walikuwa mbali sana, na shabaha zao hazikuwa moja. Vuk aliandika lugha ya mama yake, na Krapf lugha ya wenyeji wake. Lakini swali lililowakabili lilikuwa moja: je, maneno madogo ya kila siku yaweza kubeba mambo makubwa?

Kiserbia na Kiingereza vilikutana zaidi wakati wa vita kuu ya kwanza. Katika majira ya baridi ya 1915 na 1916 jeshi la Serbia na watu wengi walivuka milima ya Albania kwa miguu ili kufika baharini, na wengi walikufa njiani. Mamia ya wavulana waliookoka walipelekwa Uingereza kusoma, na miongoni mwa Waserbia walio katika masomo huko walikuwamo wanafunzi wa theolojia katika Oxford. Darasani mwao neno letu dogo lilikuwa likiwangoja.

III. Majibu ya Kiserbia

Jibu la kwanza la Kiserbia ni "dobiti". Mtu apokeaye barua, zawadi au mshahara husema neno hili. Mtu ashindaye kesi husema hilo hilo pia, na faida huitwa "dobit". Hapa "dobiti" na "pata" hukaribiana sana, hata kwa mtoto na kwa homa. Na kama sisi tusemavyo ya kuwa mtu ameshikwa na homa, Waserbia nao waweza kusema ya kuwa homa imemkamata. Lakini mtu akienda kukitafuta kitu kwa bidii, neno ni "nabaviti". Akitoa fedha, ni "kupiti", kununua. Akitumwa kukileta, ni "doneti", kuleta. Kiingereza chaweza kuyasema yote manne kwa neno moja, wala kisiseme kama kitu kilitolewa bure au kilinunuliwa.

Hata ndani ya jibu moja Mserbia huulizwa swali jingine: je, tendo limetimia, au lilikuwa likiendelea au likirudiwa? Maana maneno mengi ya tendo katika Kiserbia huenda mawili mawili kama ng'ombe wa jembe. "Dobiti" ni kupata mara moja na kumaliza. "Dobijati" ni kuwa katika kupata, au kupata mara kwa mara. "Stići" ni kufika. "Stizati" ni kuwa katika kufika. Mwingereza asemapo kwa neno "got" ya kuwa alipata barua za ndugu yake, Mserbia hawezi kufasiri mpaka ajue kama zilikuja siku moja au zilikuwa zikija mwaka mzima. Sisi nasi twatofautisha, ila alama yetu twaiweka mbele ya mzizi: nilipata, nilikuwa nikipata, hupata.

Katika kwenda na kutoka, Mwingereza huliacha neno lake kama lilivyo, akaongeza kijineno nyuma: "get in", "get out", "get down", "get over", "get through". Mserbia huchukua neno la kwenda, "ići", na kuliungia silabi mbele: "ući", kuingia, "izaći", kutoka, "sići", kushuka, "preći", kuvuka, "proći", kupita. Kiswahili hakiongezi kitu mbele wala nyuma, bali kina mzizi wake kwa kila njia. Hizi ni namna tatu za kujenga, na nyumba zote tatu zasimama.

Juu ya kugeuka hali, Kiserbia kina "postati", yaani kuwa, kama mtu awapo mwalimu au padre. Lakini kwa hali nyingi hakihitaji neno hilo, kwa kuwa hali yenyewe hugeuzwa kuwa tendo: "ostareti", "razboleti se", "umoriti se", "naljutiti se", "obogatiti se". Mwalimu wa Kiswahili hatatatizika hapa, maana sisi twasema vivyo hivyo kwa neno moja moja: kuzeeka, kuugua, kuchoka, kukasirika, kutajirika. Mwingereza ndiye aliyegawa jambo katika vipande viwili, "get" na jina la hali. Mwanafunzi aandikaye "alipata mzee" au "alipata hasira" kila mahali amekitafsiri kipande badala ya kitu kizima.

Tuje kwenye arusi. Kwa Kiingereza mwanamume na mwanamke wote wawili "get married", wala msikiaji hawezi kujua ni nani kati yao anayesemwa. Kwa Kiserbia mwanamume huwa "oženio se", neno litokalo katika "žena", mwanamke au mke. Yaani amejipatia mke. Mwanamke huwa "udala se", neno litokalo katika "dati", kutoa; yaani ametolewa kwenda kwa mume. Ni kama sisi tusemavyo kuoa na kuolewa, ijapokuwa sisi hutumia mzizi mmoja, na wao hutumia miwili. Tena liko neno la tatu, "venčati se", lililo sawa kwa wote wawili, nalo latoka katika "venac", shada au taji, kwa sababu katika kanisa lao bwana na bibi arusi huvikwa taji. Neno hilo lalingana na kufunga ndoa kwetu. Basi mfasiri wa Kiserbia na mfasiri wa Kiswahili wote wawili, wakikuta sentensi ya Kiingereza juu ya arusi, hawana budi kuuliza: ni habari za bwana, za bibi, au za ibada?

Katika mauti Kiserbia ni kikali vile vile. Mtu aliyekufa kwa ajali au vitani husemwa "poginuo je". Mtu aliyeuawa kwa mkono wa mwingine husemwa "ubijen je". "Got killed" ya Kiingereza yaweza kuangukia upande wowote. Kwa mjane na kwa hakimu tofauti hiyo si ndogo.

Liko neno moja ambalo naliona kuwa zito kuliko yote. Mwingereza husema ya kuwa mtu fulani "got" mwenziwe kufanya jambo. Alimfanyaje? Kiingereza kimenyamaza. Kiserbia hakiruhusu kunyamaza huko. Chauliza kama ni "naterati", neno litokalo katika kuswaga wanyama, yaani alimshurutisha. Au kama ni "nagovoriti", neno litokalo katika kusema, yaani alimshawishi kwa maneno. Fikiri juu ya taarifa iandikwayo ya kuwa mwalimu alimfanya mtoto aungame kosa, au mzee alimfanya binti akubali posa. Kama mfasiri hakuchungua habari iliyotangulia, aweza kumtia mtu hatia asiyokuwa nayo, au kumwondolea ile aliyo nayo. Katika Kiswahili tunalo neno kumfanya, lililo kimya kama la Kiingereza, na kwa hiyo ni rahisi kujificha nyuma yake. Lakini tunayo pia kulazimisha, kushurutisha, kushawishi, kubembeleza na kusihi. Na msema kweli achague mojawapo.

Mwisho, Mwingereza asemapo "I get it", maana yake amefahamu. Mserbia hujibu "razumeti", neno lenye "um", akili, ndani yake. Au "shvatiti", neno litokalo katika kukamata kwa mkono. Nasi husema ya kuwa mtoto ameyashika aliyofundishwa. Hapa lugha tatu, ambazo hazikupatana katika mengi, zimekutana mahali pamoja: akili ni mkono wa pili. Na "get", baada ya safari yake ndefu, limerudi karibu na ile maana ya kushika liliyoanza nayo.

IV. Neno letu wenyewe

Isidhaniwe kwa hayo ya kuwa Kiingereza ni lugha ya mafumbo, na sisi ndio wenye uwazi. Mserbia akijifunza Kiswahili atajikwaa juu ya "pata" kama sisi tujikwaavyo juu ya "get". Atasikia ya kuwa kisu hiki hakipati, na atatafuta bure kitu ambacho kisu kilitaka kukipata. Kwake kisu kikali ni "oštar", wala hakuna habari ya kupata. Atasikia yaliyompata fulani, naye hana budi kusema "zadesiti", maana kwake hapo mtu hapati kitu, bali msiba ndio humwangukia. Atasikia ya kuwa yapata saa tatu, na kwake ni neno fupi tu, "oko", yaani karibu ya. Atakuta kupatana, kupatikana na kupatiliza, kila moja na njia yake. Kila lugha ina maneno kadhaa yaliyofanywa watumishi wa nyumba nzima, na mgeni huyajua kwa kujikwaa.

Kwa sababu hiyo napenda kutoa shauri kwa walimu wenzangu. Neno "get" lisifundishwe kwa orodha, neno moja mkabala na neno moja. Mwanafunzi apewe sentensi kumi zenye neno hilo, akatazwe kuandika "pata" hata mara moja, na kabla ya kuandika aulize maswali ambayo Mserbia hulazimishwa na lugha yake kuyauliza: Ni kupewa, au kununua, au kutafuta? Tendo lilitimia, au lilikuwa likirudiwa? Mtu aliingia, alitoka, au alishuka? Ni mume au mke? Ni kwa nguvu au kwa maneno? Mara nyingine jibu litakuwa "pata" baada ya yote, na hapo aliandike bila haya, kwa kuwa sasa amelichagua.

Nao wanaofasiri vitabu kwa ajili ya watu wetu wakumbuke habari za Vuk. Wapinzani wake walidhani ya kuwa usemi wa wachungaji ni mfupi mno kwa mambo ya Mungu na ya elimu. Kumbe wachungaji, ambao kila siku walihitaji kutofautisha kuswaga na kusihi, kuvuka na kupita, walikuwa wameyaweka tayari maneno ambayo wasomi waliyakosa katika vitabu vyao. Mfasiri asiyetoka mezani pake kwenda kuuliza kisimani, shambani na pwani ataendelea kuandika "pata" mahali ambapo bibi kizee wa kijijini angempa neno halisi kwa pumzi moja.